Benjamin Franklin: Mchapaji aliyewakomesha waghushi wa noti kwa jani la mti

NOTI ya dola 100 ya Marekani inajulikana na karibu kila mfanyabiashara wa Afrika Mashariki anayeagiza mali kutoka nje. Sura ya mzee mwenye nywele ndefu iliyo juu yake ni ya Benjamin Franklin, na imekuwapo kwenye noti hiyo tangu mwaka 1914.

Wengi humfahamu kama mwanasiasa aliyeshiriki kuunda taifa la Marekani, au mwanasayansi aliyechunguza radi. Wachache wanajua kuwa sehemu ya riziki yake ilikuwa kuchapisha fedha, na kwamba alitumia miaka mingi kutafuta njia ya kuwazuia waghushi.

Njia aliyoivumbua haikutoka kiwandani bali shambani. Ilikuwa ni jani la mti. Wazo lililomo ndani yake, la kutumia kitu ambacho maumbile yamekitengeneza na mkono wa binadamu hauwezi kukirudia, ndilo hilo hilo linalotumiwa leo kulinda chipu za kompyuta.

Mtoto wa mtengeneza mishumaa

Franklin alizaliwa Boston tarehe 17 Januari, 1706, wakati Marekani bado ni makoloni ya Uingereza. Baba yake, Josiah, alikuwa mtengeneza mishumaa na sabuni. Alikuwa na watoto 17 kwa wake wawili, na Benjamin alikuwa wa 15.

Kwa familia kubwa namna hiyo ada ya shule ilikuwa mzigo. Kijana alisoma miaka miwili tu, na alipofika umri wa miaka 10 akatolewa shuleni ili amsaidie baba yake kukata tambi na kumimina mafuta ya mishumaa.

Kazi hiyo hakuipenda. Akiwa na miaka 12 akakabidhiwa kwa kaka yake, James, aliyekuwa mchapaji, ili ajifunze ufundi. Huko alijifunza kupanga herufi za risasi, kupaka wino na kuendesha mtambo. Usiku alisoma vitabu vya kuazima.

Ndugu hao hawakuelewana. Mwaka 1723, akiwa na miaka 17, Benjamin alitoroka. Alisafiri kwa mashua na kwa miguu hadi Philadelphia, katika koloni la Pennsylvania. Alipowasili mfukoni alikuwa na dola moja ya Kiholanzi na sarafu za shaba zipatazo shilingi moja ya Kiingereza.

Sarafu hizo za mataifa mawili zinaeleza hali ya biashara ya wakati ule. Makoloni hayakuwa na fedha yao ya kutosha. Dhahabu na fedha iliyoingia ilitoka tena haraka kwenda Uingereza kulipia nguo, zana na bidhaa nyingine. Mkulima aliyekuwa na ngano ghalani aliweza kukosa hata sarafu moja ya kulipia chumvi, akalazimika kubadilishana mali kwa mali.

Fedha ya karatasi kwa dhamana ya shamba

Mwaka huo huo wa 1723 Pennsylvania ilianza kutoa noti za karatasi. Utaratibu wake ulimlenga hasa mwenye ardhi. Koloni lilifungua ofisi ya mikopo. Mkulima aliweka shamba lake rehani, akapewa noti, kisha akalipa kidogo kidogo kila mwaka pamoja na riba ya asilimia 5.

Noti zile zilizunguka kutoka kwa mkulima kwenda kwa mhunzi, kwa muuza duka na kwa fundi, na mwisho zikarudi serikalini kama malipo ya mkopo au kodi. Biashara ikaamka. Franklin alieleza baadaye kuwa alipofika Philadelphia alikuta nyumba nyingi hazina wapangaji, na baada ya noti kuenea alizikuta zimejaa na mpya zikijengwa.

Lakini noti za karatasi zilikuja na adui wake. Sarafu ya fedha ina thamani kwa uzito wake. Karatasi haina thamani yoyote ila imani ya anayeipokea. Mtu aliyeweza kuiga karatasi ile aliweza kununua ng'ombe au magunia ya ngano bila kutoa jasho.

Serikali za makoloni zilijibu kwa ukali. Noti zenyewe zilichapwa onyo kwamba adhabu ya kughushi ni kifo. Hata hivyo waghushi hawakukoma. Noti bandia zikizidi, serikali ililazimika kuzikusanya noti zote na kutoa nyingine, na aliyebaki na ile ya bandia mkononi alikuwa amepoteza mali yake.

Safari ya London na kazi ya kwanza ya noti

Franklin aliajiriwa Philadelphia na mchapaji aitwaye Samuel Keimer. Gavana wa Pennsylvania, William Keith, akamwahidi kumsaidia kufungua kiwanda chake mwenyewe, akamtuma London mwaka 1724 kununua mitambo. Alipofika huko aligundua kuwa barua za dhamana alizoahidiwa hazikuwapo.

Kijana wa miaka 18 alijikuta ugenini bila mtaji. Hakurudi mikono mitupu. Alifanya kazi katika viwanda viwili vikubwa vya kuchapa vya jiji hilo, akajifunza mengi kuliko ambayo angeyapata nyumbani. Alirudi Philadelphia mwaka 1726.

Alirejea kwa Keimer, na mwaka 1728 Keimer akapata zabuni ya kuchapa noti za koloni jirani la New Jersey. Kazi ilihitaji mtambo wa bamba la shaba. Franklin aliuunda mwenyewe, akachonga na nakshi za kuwatatiza waghushi.

Walikaa kiasi cha miezi mitatu katika mji wa Burlington. Wajumbe wa bunge la koloni walikuwa wakija kusimamia ili noti zisichapwe zaidi ya zilizoruhusiwa. Franklin akawafahamu na wao wakamfahamu, na wengi wakawa marafiki zake.

Mwaka huo huo alianzisha kiwanda chake pamoja na mwenzake, Hugh Meredith. Mwaka 1729 alinunua gazeti la Keimer lililokuwa likidorora na kulifanya kuwa moja ya magazeti yenye nguvu katika makoloni. Mwaka 1730 alimlipa Meredith fungu lake na kubaki mmiliki pekee.

Mwaka 1729 pia alichapa kijitabu cha kutetea fedha ya karatasi. Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi ni dhamana nzuri, na kwamba uhaba wa fedha humnufaisha mkopeshaji tajiri na kumkandamiza mkulima na fundi. Bunge lilikubali kuongeza noti, na kuanzia mwaka 1731 likampa Franklin kazi ya kuzichapa.

Hapo hapana budi kusema wazi kuwa hoja hiyo ilikuwa na faida kwake. Aliyezitetea noti ndiye aliyelipwa kuzichapa. Lakini wateja wake hawakudanganywa: noti za Pennsylvania zilishikilia thamani yake kuliko za makoloni mengine mengi, kwa sababu zilitolewa kwa kiasi na zilikuwa na mashamba nyuma yake.

Siri ya jani

Tatizo la kughushi lilibaki. Nakshi iliyochongwa na fundi mmoja inaweza kuchongwa na fundi mwingine. Herufi zilinunuliwa Ulaya, na aliyekuwa na fedha aliweza kununua za namna ile ile. Kila ulinzi uliobuniwa na binadamu ulikuwa na binadamu mwingine wa kuuiga.

Miongoni mwa rafiki zake alikuwapo Joseph Breintnall, mtu aliyependa mimea. Breintnall alikuwa akipaka wino majani halisi na kuyakandamiza kwenye karatasi ili kuhifadhi umbo lake. Picha zake zilikuwa nzuri, lakini jani huchakaa baada ya kuchapwa mara chache. Kwa noti maelfu halikufaa.

Franklin alitafuta namna ya kuligeuza jani kuwa chuma. Jani lililazwa juu ya kitambaa na kugandamizwa kwenye plasta laini, likaacha alama ya kila mshipa. Plasta ilipokauka ikawa kalibu, ikamiminiwa madini ya risasi yanayotumika kutengenezea herufi. Matokeo yake yalikuwa kibao kigumu chenye sura kamili ya jani, kinachoweza kufungwa mtamboni na kuchapa noti nyingi.

Noti za New Jersey za mwaka 1737 ni miongoni mwa za kwanza kubeba majani hayo. Za Pennsylvania zilifuata mwaka 1739. Upande mmoja ulikuwa na maandishi, na upande wa pili majani ya mimea ya kawaida, likiwamo la seji, kiungo kinachopandwa bustanini.

Nguvu ya ulinzi huo iko katika jani lenyewe. Mchongaji huchora mstari wa unene anaouchagua. Mishipa ya jani hukonda polepole kutoka kwenye kikonyo hadi pembeni, ikagawanyika na kugawanyika tena, hadi kuwa nyuzi zisizoonekana vizuri kwa macho. Patasi ya wakati ule haikuweza kufuata njia hizo.

Mghushi aliyefikiri kuchuma jani jingine la mti ule ule hakufika mbali pia. Hakuna majani mawili yenye mishipa sawa, hata yakitoka kwenye tawi moja. Muuza duka aliyekuwa na noti halali mkononi aliweza kuilinganisha na aliyopewa na kuona tofauti.

Franklin hakuandika popote jinsi alivyofanya. Siri hiyo ilibaki kwa wachapaji wachache aliowaamini, na baadaye ikasahaulika. Ni katika miaka ya 1960 ambapo mtafiti wa fedha za kale, Eric Newman, aliitambua kazi hiyo kuwa ya Franklin na kueleza ilivyofanyika.

Karatasi na wino

Jani halikuwa ulinzi pekee. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Notre Dame cha Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wa noti zipatazo 600 za wakati wa makoloni, zikiwamo nyingi zilizotoka katika viwanda vya Franklin na washirika wake.

Walikuta kuwa wino wake mweusi ulikuwa na kinywe, madini ambayo Tanzania yanapatikana Mahenge na Ruangwa. Wachapaji wengine walitumia masizi au mifupa iliyochomwa. Ndani ya karatasi mlikuwa na nyuzi za buluu, pamoja na vipande vidogo vinavyong'aa vya ulanga, ambao wengine huuita mika.

Vyote hivyo viliifanya karatasi yenyewe kuwa ushahidi. Watafiti hao walikadiria kuwa Franklin alichapa karibu noti 2,500,000 katika maisha yake ya kazi. Noti za dola za leo bado zina nyuzi ndogo nyekundu na za buluu ndani ya karatasi yake.

Mfanyabiashara asiyetegemea kapu moja

Franklin hakutegemea zabuni za serikali peke yake. Kuanzia mwisho wa mwaka 1732 alitoa kalenda ya kila mwaka iliyokuwa na tarehe za mwezi kuandama, hali ya hewa iliyotarajiwa na methali fupi kuhusu bidii na uwekaji akiba. Ilinunuliwa sana na wakulima, na kwa mwaka ziliuzwa nakala zipatazo 10,000. Aliitoa kwa miaka 25.

Mkewe, Deborah, waliyeanza kuishi pamoja mwaka 1730, alikuwa nguzo ya biashara hiyo. Alisimamia duka, alikunja na kushona vitabu, na alinunua matambara makuukuu ya kuuzwa kwa watengeneza karatasi, kwani karatasi ya zama zile ilitokana na matambara.

Njia yake ya kupanuka inafaa kuangaliwa. Badala ya kufungua matawi na kuajiri mameneja, aliingia ubia na vijana mafundi katika makoloni mengine. Yeye alitoa mtambo na herufi na theluthi moja ya gharama, kijana akatoa kazi, na Franklin akapata theluthi moja ya faida kwa miaka sita. Baada ya hapo kijana aliweza kununua mtambo na kujitegemea.

Mwaka 1748, akiwa na miaka 42, alikabidhi uendeshaji wa kiwanda kwa mbia wake, David Hall, kwa mkataba wa miaka 18 wa kugawana faida. Alikuwa ametoka kwenye kutoroka bila kitu hadi kustaafu akiwa tajiri kwa miaka 25 tu.

Muda uliobaki aliutumia kwenye sayansi na siasa. Majaribio yake ya umeme yalizaa fimbo ya chuma inayokinga majengo na radi. Mwaka 1776 alitia saini Tangazo la Uhuru, akaenda Ufaransa kutafuta msaada wa vita, na mwaka 1783 alikuwa mmoja wa waliotia saini mkataba wa amani na Uingereza.

Doa na toba ya uzeeni

Maisha hayo yana upande ambao msomaji wa Afrika hawezi kuupita. Franklin alimiliki watumwa wenye asili ya Afrika nyumbani kwake, na gazeti lake lilichapa matangazo ya kuuza watumwa na ya kutafuta waliotoroka. Yeye mwenyewe aliwahi kutoroka kwa bwana wake kazini, lakini alichukua fedha za kutangaza wengine waliofanya hivyo.

Mawazo yake yalibadilika polepole. Mwaka 1787 alikubali kuwa rais wa chama cha Pennsylvania cha kupinga utumwa. Mwezi Februari 1790, miezi miwili kabla ya kufa, jina lake lilikuwa kwenye ombi lililotaka bunge la Marekani likomeshe utumwa. Bunge halikulitekeleza.

Noti nzuri iliyokosa thamani

Vita vya uhuru vilitoa somo jingine kuhusu fedha. Bunge la makoloni yaliyoungana lilianza kutoa noti zake mwaka 1775 ili kulipia jeshi. Zilichapwa na kiwanda cha Hall na mwenzake, na vibao vya majani vya mtindo wa Franklin vilitumika.

Waingereza walioishika New York walieneza noti za bandia ili kuuvuruga uchumi wa wapinzani wao. Lakini pigo kubwa zaidi lilitoka ndani. Bunge halikuwa na uwezo wa kutoza kodi, hivyo kila lilipokosa fedha lilichapa nyingine. Kufikia mwaka 1779 noti zilizotolewa zilikuwa na thamani ya dola milioni 200 hivi.

Mwaka 1780 bunge lenyewe lilikubali kuwa dola 40 za karatasi ni sawa na dola moja ya fedha. Mkulima aliyeliuzia jeshi nafaka na kuweka noti sandukuni alifilisika, ingawa noti zake zilikuwa halali kabisa.

Kwa hiyo jani liliweza kuthibitisha jambo moja tu: nani ameichapa noti. Halikuweza kuthibitisha kama aliyeichapa ni mwangalifu. Noti za Pennsylvania zilikuwa na yote mawili, na za wakati wa vita zilikosa la pili.

Kutoka jani hadi chipu

Waghushi wa leo hawaishii kwenye noti. Kadi za benki, laini za simu, mita za umeme, vipuri vya magari na betri za mashine vina chipu ndani yake, na chipu nazo huigwa. Kwa kawaida chipu hujitambulisha kwa namba ya siri iliyoandikwa kwenye kumbukumbu yake. Mwizi mwenye vifaa akiisoma namba hiyo huweza kuiandika kwenye chipu nyingine.

Ni tatizo lile lile la mchongaji: kilichoandikwa na mtu, mtu mwingine aweza kukinakili. Na jibu lililopatikana linafanana na la mwaka 1737.

Mwaka 2002 watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani walionyesha kibao kidogo cha gundi ngumu kilichochanganywa na vishanga vya kioo. Ukikipiga mwanga wa leza hutoa madoa ya mwanga ambayo kibao kingine hakiwezi kuyatoa, kwa kuwa vishanga vilijipanga vyenyewe gundi ilipoganda. Mwaka huo huo watafiti wengine wa chuo hicho walieleza jinsi ya kupata alama ya namna hiyo ndani ya chipu yenyewe.

Chipu mbili za kiwanda kimoja, za siku moja, kutoka mchoro mmoja, huonekana sawa. Lakini ndani yake mna transista ndogo mno, na hakuna mtambo unaoweza kuzitengeneza zikalingana kabisa. Moja huwa nyembamba kidogo, nyingine ina chembe chache zaidi za kemikali.

Kwenye aina moja ya kumbukumbu ya chipu, kila chumba kina pande mbili zinazoshindana umeme unapowashwa. Ni kama mizani ya dukani isiyo na kitu: ikiwa sahani moja ni nzito kwa uzito wa unyoya, italala upande huo kila mara. Chumba kimoja huangukia sifuri, kingine moja. Maelfu ya vyumba kwa pamoja hutoa mpangilio ambao ni wa chipu hiyo peke yake. Njia hiyo ilielezwa mwaka 2007, wakiwamo watafiti wa kampuni ya Philips ya Uholanzi.

Faida yake ni kuwa ufunguo wa siri haujaandikwa popote. Huzaliwa umeme ukiwashwa na kutoweka ukizimwa. Aliyeiba chipu iliyozimwa hakuti namba ya kusoma. Hata kiwanda kilichoitengeneza hakiwezi kutengeneza pacha wake.

Kuna tofauti moja na noti za Franklin. Yeye alitumia kibao kimoja cha jani kwa noti nyingi, hivyo noti zote za aina moja zilibeba jani moja. Kwenye chipu ni kama kila noti ingekuwa na jani lake.

Ulinzi huo nao una mipaka. Joto, baridi na uzee hubadilisha vyumba vichache, hivyo hesabu maalumu huhitajika kusahihisha makosa. Na mwaka 2010 watafiti walionyesha kuwa baadhi ya aina zake zinaweza kuigwa na programu ya kompyuta iliyoona majibu yake mengi. Kama ilivyokuwa kwa Franklin, mbio kati ya mlinzi na mghushi haziishi.

Linalomhusu mkulima

Mkulima wa leo hukutana na bandia zaidi kwenye pakiti ya mbegu, dawa ya mifugo na mbolea kuliko kwenye noti. Mwenye noti bandia hupoteza thamani ya noti hiyo. Mwenye mbegu bandia hupoteza kodi ya shamba, palizi, mbolea na msimu mzima.

Nchini Kenya, katika miaka ya 2010, shirika la KEPHIS lilianzisha lebo za kukwangua kwenye pakiti za mbegu. Mnunuzi hukwangua, hupata namba, kisha huituma kwa ujumbe wa simu na kujibiwa kama mbegu imesajiliwa. Ni hatua kubwa, ingawa bado inategemea namba iliyochapwa, na inamlinda yule tu anayekwangua.

Hapo ndipo ilipo sehemu ya ulinzi wa Franklin isiyokuwa na uhusiano na ufundi. Jani lilifaa kwa sababu muuza duka wa kawaida aliweza kulikagua mwenyewe, mchana kweupe, bila chombo. Kila aliyepokea noti bila kuigeuza nyuma alikuwa amemsaidia mghushi.

Wosia wa pauni 2,000

Franklin alifariki Philadelphia tarehe 17 Aprili, 1790, akiwa na miaka 84. Katika wosia wake aliacha pauni 1,000 kwa jiji la Boston na pauni 1,000 kwa Philadelphia, kwa sharti lisilo la kawaida: fedha hizo zifanye kazi kwa miaka 200.

Zilipaswa kukopeshwa kwa mafundi vijana walio na ndoa, wasiozidi miaka 25, waliomaliza mafunzo yao na wenye wadhamini wawili wa kuaminika. Mkopo ulikuwa kati ya pauni 15 na 60, kwa riba ya asilimia 5, kulipwa kwa miaka 10. Alikumbuka kuwa yeye mwenyewe alianza kwa fedha za kukopeshwa na marafiki wawili.

Mpango haukwenda kama alivyotaka. Utaratibu wa mafunzo ya ufundi wa zamani ulikufa, waombaji wakapungua, na fedha zikaelekezwa kwenye uwekezaji mwingine. Hata hivyo, muda ulipokwisha mwaka 1990, mfuko wa Philadelphia ulikuwa na zaidi ya dola milioni 2 na wa Boston karibu dola milioni 5.

Noti mpya ya dola 100 iliyoanza kutumika mwaka 2013 ina utepe wa buluu uliofumwa ndani ya karatasi, wenye picha za kengele zinazogeuka namba 100 noti inapoinamishwa. Kuikagua huchukua sekunde chache, na anayepaswa kufanya hivyo ni yule anayeipokea, kabla hajakabidhi mzigo.